Kisu au kombaini? Hesabu ya kuvuna alizeti ambayo kijana hafai kupuuza

ALIZETI haimsumbui sana mkulima ikiwa shambani. Ukipanda kwa wakati na kupalilia mapema, hujisimamia yenyewe hadi ichanue, na baada ya siku 90 hadi 120 hivi, kutegemea mbegu na hali ya hewa, huwa imekomaa. Kizungumkuti huanza hapo. Mkulima ambaye miezi mitatu alikuwa akipiga picha za maua ya manjano na kuzianika mtandaoni, sasa anaanza kukuna kichwa: nichukue kisu na vibarua, ama niite mashine?

Si swali dogo. Kenya huagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia kutoka nje, hasa ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia, na sote tunajua jinsi bei dukani inavyoruka bila kupiga hodi. Alizeti ni mojawapo ya mimea inayoweza kupunguza utegemezi huo. Inakubali kuanzia Bungoma na Trans Nzoia hadi Meru, Tharaka Nithi na sehemu za Pwani. Mbegu za aina ya mafuta huwa na takriban asilimia 40 ya mafuta, na mashudu yanayobaki baada ya kukamuliwa ni chakula kizuri cha ng'ombe na kuku. Lakini hayo yote yanategemea mbegu kufika kwenye gunia. Zikipukutika shambani, zikiliwa na ndege au zikishika ukungu, hakuna kiwanda kitakachokulipa.

Kwa kijana, jambo hili lina pande mbili. Yule anayeishi kwa vibarua anaogopa kwamba mashine itamnyang'anya tonge mdomoni. Yule aliyechoka kupiga lami akisaka ajira anaiona mashine hiyohiyo kama biashara. Wote wawili wana hoja. Ili kujua ukweli uko wapi, tuivunje kazi yenyewe vipande vipande, maanake kuvuna alizeti si kazi moja. Kuna kukata vichwa, kuvikausha, kuvipura na kupepeta mbegu.

Vichwa 18,000 kwa ekari

Tuanze na kisu. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mimea, ekari moja hubeba takriban mimea 18,000, na kila mmea wa alizeti ya mafuta kwa kawaida huwa na kichwa kimoja. Kwa hivyo, anayeingia shambani na kisu ana mikato 18,000 mbele yake. Akitumia sekunde nne kwa kila kichwa, bila kupumzika wala kunywa maji, atamaliza baada ya saa 20. Ongeza muda wa kubeba vikapu hadi ukingoni mwa shamba, utapata siku tatu au nne za mtu mmoja, au siku moja ya watu wanne.

Hiyo ni kazi ya sulubu, lakini si ya kutisha. Tena kisu kina faida ambazo mashine haina.

Ya kwanza ni macho. Wakulima wengi hupanda mbegu walizoweka kutoka mavuno yaliyopita. Shamba la aina hiyo huwa na mimea mirefu na mifupi, vichwa vikubwa na vidogo, vingine vimekauka huku vingine bado vibichi. Mtu mwenye kisu huchagua. Anakata kilichokomaa leo na kurudi kwa kilichobaki wiki ijayo. Mashine haichagui, inapita mara moja tu.

Faida ya pili ni muda. Dalili ya alizeti kukomaa iko nyuma ya kichwa, ambapo rangi hubadilika kutoka kijani hadi manjano, kisha kahawia. Sehemu hiyo inapokuwa manjano, mbegu zimekwisha kujaa ingawa bado zina unyevu mwingi, hata wa asilimia 35 na zaidi. Kuanzia hapo, mwenye kisu anaweza kukata na kwenda kuanika nyumbani. Si lazima avisubiri vichwa vikaukie shambani, na kila siku anayopunguza ni siku ya karamu anayowanyima njiwa, kasuku na ndege wengine wanaoipenda alizeti kama watoto wanavyopenda peremende.

Ya tatu ni shamba lenyewe. Mashamba yetu mengi ni madogo, mengine yako kwenye mteremko, mengine alizeti imechanganywa na maharagwe. Kisu hupita popote.

Mgongo huvunjikia kwenye kupura

Shida ya njia ya mikono huanza baada ya vichwa kufika nyumbani. Vinahitaji kuanikwa juu ya turubai, vikiwa vimetandazwa na si kurundikwa. Vichwa vya alizeti hunyonya maji kama sponji. Ukivirundika vikiwa na unyevu, vinapata joto ndani kwa ndani, ukungu unaingia, na pamoja nao hatari ya sumukuvu. Mvua ikija ghafla, familia nzima inakimbizana na turubai.

Vikishakauka, kupura kunaanza. Wengine huvipiga kwa fimbo, wengine huvitia guniani na kulitwanga gunia, na wengine husugua kichwa kimoja kimoja kwenye waya au kitu chenye makwaruzo hadi mbegu zidondoke. Halafu kuna kupepeta, kungojea upepo, kuokota vipande vya vichwa na mawe. Kazi hii mara nyingi huangukia kina mama na watoto, na kwa sababu inafanyika uani badala ya shambani, haiandikwi popote kwenye hesabu ya mkulima. Ukimuuliza alitumia pesa ngapi kupura, atakwambia hakutumia hata shilingi. Siku za mama na dada zake zilizoishia hapo hazimo.

Kwa hivyo mtu akisema kuvuna kwa mikono ni bei rahisi, muulize kwanza: mikono ya nani?

Kombaini na masharti yake

Sasa tugeukie jitu lenyewe. Kombaini hukata, hupura na kupepeta kwa mpigo mmoja, mbegu safi zikiingia tangini na makapi yakimwagwa nyuma. Vijana wa Narok na Uasin Gishu wanaifahamu vizuri kutokana na ngano. Kwa kasi hakuna ubishi. Kombaini yenye upana wa mita nne ikienda kilomita nne kwa saa hupita kwenye karibu ekari nne kwa saa moja, ukiacha muda wa kugeuka na kumwaga mbegu. Watu wanne wanamaliza siku nzima kukata tu ekari moja.

Lakini kombaini iliyotoka kwenye ngano haiwezi kuingia kwenye alizeti hivi hivi. Kwanza, mdomo wake wa mbele unafaa kufungwa sinia ndefu zinazotangulia kati ya mistari, ili mbegu zinazopukutika kichwa kinapogongwa zisianguke chini. Bila sinia hizo, unaacha pesa kwenye udongo.

Pili, ngoma inayopura inapaswa kupunguzwa kasi. Kwa alizeti kavu, mizunguko 300 hivi kwa dakika mara nyingi inatosha, na hiyo ni chini mno kuliko ya ngano. Ikizidi, vichwa vinasagika na kuchanganyika na mbegu, na maganda ya mbegu yanapasuka. Mbegu iliyopasuka huharibika haraka na mafuta yake hupata ladha mbaya.

Tatu, feni. Mbegu ya alizeti ni nyepesi. Ukiacha upepo wa ngano, utapuliza mbegu nje pamoja na makapi, na hutajua hadi uchungulie nyuma ya mashine.

Nne ni moto. Vumbi na nyuzi za alizeti kavu hushika moto upesi sana. Zikirundikana karibu na injini au bomba la moshi, mashine ya mamilioni inaweza kuteketea katikati ya shamba kavu, na shamba pamoja nayo. Mwendeshaji makini husafisha injini mara kwa mara na hatembei bila kizimamoto.

Kisha kuna ukubwa wa shamba. Ekari moja ya mraba ina upande wa takriban mita 64. Kombaini ya mita nne itapita mara 16 tu, na kila ikipita itafika mwisho kabla ya dakika moja kwisha, igeuke. Muda mwingi unaishia kwenye kona, na kona zenyewe zinakanyaga mazao. Ndiyo maana mwenye kombaini hapendi kuitwa kwa ekari moja. Anataka majirani kumi waliopanda pamoja.

Unyevu ndio refa

Kati ya kisu na kombaini, refa ni unyevu. Kombaini hufanya vizuri mbegu zikiwa na unyevu wa asilimia 13 hivi au chini kidogo. Zikiwa mbichi kuliko hapo, vichwa vinasagika badala ya kupurwa. Zikikauka kupita kiasi, zinapukutika kabla ya kuguswa. Kwa uhifadhi, zinahitaji kushuka hadi asilimia 10 au chini yake, kwa sababu mbegu yenye mafuta mengi huharibika ikiwa na unyevu ambao mahindi yangeustahimili.

Hapa jiografia inaingia. Magharibi mwa nchi, alizeti iliyopandwa Machi au Aprili huwa tayari Julai na Agosti, na mvua bado ipo. Kungoja ikaukie shambani hadi asilimia 13 ni kucheza kamari na ndege na ukungu, sembuse mashine nzito kukwama kwenye matope. Huko kisu kinashinda kwa urahisi. Lakini ile ya msimu wa pili, inayokomaa Desemba na Januari jua likiwaka, inaweza kungojea mashine.

Unyevu pia huleta ugomvi wa mizani. Kilo 500 zenye unyevu wa asilimia 20 zikikaushwa hadi asilimia 10 zinabaki takriban kilo 444. Hakuna aliyeiba. Ni maji yaliyoenda zake. Kijana anayetaka kufanya biashara hii inafaa awe na kipima unyevu, au ajue aliye nacho, kabla ya kubishana na mnunuzi.

Mbegu zilizobaki chini

Kuna kipimo rahisi ambacho yeyote anaweza kufanya, awe amevuna kwa kisu au kwa kombaini. Chora mraba wa mita moja kwa mita moja shambani baada ya kuvuna. Hesabu mbegu zilizo chini. Rudia mahali pengine panne au patano, kisha upate wastani.

Mbegu 1,000 za alizeti ya mafuta huwa na uzani wa takriban gramu 50. Ukipata mbegu 100 kwa kila mita mraba, basi ekari nzima, ambayo ni mita mraba 4,047, imebaki na mbegu zaidi ya 400,000. Hizo ni kilo 20. Kama ekari ilitoa kilo 500, umepoteza asilimia nne. Ukipata mbegu 300 kwa mita mraba, umeacha kilo 60, yaani zaidi ya gunia zima la kilo 50.

Kipimo hiki kinamaliza porojo za kusifu mashine au kisu bila ushahidi. Fanya hesabu hiyo mara mbili, kabla ya kuvuna na baada ya kuvuna, ndipo utajua ni zipi zilizoangushwa na ndege na upepo, na ni zipi zilizoangushwa na mvunaji.

Je, mashine itakula kazi za vijana?

Tuseme ukweli bila kuzungusha. Kombaini ikiingia kijijini, vibarua wa kukata hupungua. Mwendeshaji mmoja na msaidizi wake huchukua nafasi ya watu wengi, na mara nyingi mwendeshaji huyo hakuzaliwa hapo. Pesa zinazolipwa huondoka na mashine ikienda kaunti nyingine. Kwa kijana anayetegemea kibarua cha msimu kulipia karo ya mdogo wake, hiyo si hadithi ya maendeleo. Ni pengo mfukoni.

Lakini upande wa pili nao una uzito. Mkulima anayeshindwa kupata watu wa kuvuna kwa wakati, au anayeona mbegu zikioza uani kwa sababu kupura kumechelewa, msimu ujao hupanda kitu kingine. Asipolima alizeti, hakuna kibarua cha kisu wala cha mashine. Kazi inayolindwa kwa kuacha zao lipotee haijalindwa.

Ndiyo maana jibu linalofaa mashamba yetu madogo liko katikati: kisu shambani, mashine uani. Kukata kubaki kwa mikono, kwa sababu mikono inachagua, inawahi mvua na inapita popote. Kupura na kupepeta kuende kwa mashine ndogo inayoendeshwa na injini ya petroli au dizeli, au kwa trekta. Mashine hiyo unailisha vichwa vilivyokauka, ngoma yake inatenganisha mbegu, chekecheo linachuja na feni inapuliza makapi. Husafirishwa kutoka boma hadi boma. Vibarua wa kukata wanabaki na kazi, kina mama wanapumua, na kijana mwenye mashine anatoza kwa gunia.

Piga hesabu kabla ya kukopa

Sasa usikimbilie mkopo kesho asubuhi. Chukua mfano, na tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu. Tuseme mashine ya kupura inakugharimu Sh200,000. Unatoza Sh150 kwa gunia. Mafuta, msaidizi na ukarabati vinakula Sh70. Unabaki na Sh80. Ili urudishe pesa zako, unahitaji kupura magunia 2,500. Ikiwa ekari moja inatoa magunia 10 ya kilo 50, hizo ni ekari 250 za alizeti.

Je, eneo lako lina ekari 250 za alizeti ambazo mashine yako inaweza kuzifikia? Kama hakuna, usinunue mashine ya alizeti peke yake. Tafuta inayobadilishwa chekecheo na kasi ili ipure pia soya, maharagwe, mtama au mahindi, ndipo isikae ikishika kutu miezi tisa kwa mwaka.

Fedha za kuanzia zipo, ingawa si za bure. Hazina ya Ustawi wa Vijana imekuwepo tangu 2006. Hazina ya Hasla ilianza Novemba 2022 kwa mikopo ya mtu binafsi ya kati ya Sh500 na Sh50,000, kisha 2023 ikaongeza mikopo ya vikundi. Kwa mashine ya aina hii, kikundi kina maana kuliko kujitosa peke yako: deni linagawanywa, na kila mwanachama anakuja na wateja wa kijiji chake. Lakini andikeni mapema nani anaendesha, nani anatunza pesa na nani analipa mashine ikiharibika. Vikundi vingi havivunjwi na mashine mbovu bali na daftari bovu.

Usalama nao usiachwe nyuma. Mashine ya kupura haina huruma kwa leso iliyolegea, mkono mrefu wa shati au kidole kinachosukuma kichwa kilichokwama. Funika mikanda inayozunguka, zima injini kabla ya kuzibua, vaa barakoa dhidi ya vumbi, na watoto wakae mbali.

Uamuzi hufanywa siku ya kupanda

Jambo la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Wengi huanza kuwaza namna ya kuvuna wakati vichwa vimeshainama. Wakati huo ni kama umechelewa. Mashine yoyote hupenda shamba la mbegu za aina moja, zilizonunuliwa badala ya kuokotwa, zilizopandwa kwa mistari iliyonyooka na kukomaa kwa wakati mmoja. Hayo huamuliwa siku ya kupanda.

Kwa hivyo kabla ya msimu ujao, kijana mwenye hamu na biashara hii ana kazi tatu za kufanya ambazo hazihitaji hata shilingi. Zunguka kijijini uhesabu ekari na uandike nani anapanda nini. Washawishi majirani wapande mbegu za aina moja katika wiki moja, ili vichwa vikauke pamoja na mashine ije mara moja. Kisha msimu huu, nenda kwenye shamba lililovunwa, chora mraba wako wa mita moja, na uhesabu mbegu zilizoachwa chini. Tarakimu utakazopata kijijini kwako zitakuambia kama kuna pesa ya mashine au bado ni zamu ya kisu.